Programu Zilipojifunza Kukataa Tarehe

Andika 03/04/2005 kwenye kipande cha karatasi uwaoneshe watu wawili. Wa Mombasa atasema ni tarehe 3 Aprili, wa Chicago atasema ni Machi 4. Hakuna aliyekosea, kila mmoja amesoma kama wanavyosoma kwao. Kompyuta ndiyo isiyo na kwao. Ikipewa maandishi hayo haina pa kuyaegemeza, na bado inadaiwa jibu moja. Ukihesabu utakuta kila mwaka una siku 132 za aina hii, kwa kuwa siku 12 za mwanzo za kila mwezi zina namba inayoweza pia kuwa ya mwezi, isipokuwa pale namba ya siku na ya mwezi zinapolingana. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya mwaka. Kwa miaka 40 na ushee waandishi wa programu wamehangaika na tatizo hili. Walianza kwa kuruhusu kila namna ya kuandika, wakapitia majuto, wakaishia kufunga mlango. Nikiitazama njia hiyo kutoka mwisho wake, naona funzo ambalo wengi wamelisoma upande mmoja tu. Hasara haikuletwa na watu kuandika tarehe kwa mazoea yao. Ililetwa na programu zilizokisia kisha zikanyamaza.

Tuanze na barua pepe. Mwaka 1982 ulitoka waraka uitwao RFC 822, ulioweka muundo wa barua hizo, tarehe ikiwemo: siku, mwezi kwa herufi tatu za Kiingereza, na mwaka kwa tarakimu mbili. Kwa wakati ule tarakimu mbili zilitosha, kwani karne ilikuwa bado na miaka 18. Mwaka 1989 waraka wa RFC 1123 ukaruhusu tarakimu nne na kuzihimiza. Waraka huohuo ulikiri kosa jingine. RFC 822 ilikuwa imeruhusu kutaja saa za eneo kwa herufi moja moja, kwa desturi ya kijeshi, lakini alama za kujumlisha na kutoa ziliwekwa kinyume. Kwa hiyo barua yenye herufi hizo ingeweza kuwa imeandikwa na aliyefuata desturi ya kweli au na aliyefuata waraka uliokosea, wala hapakuwa na njia ya kuwatofautisha. Angalia uamuzi uliofikiwa mwaka 2001 katika RFC 2822: herufi hizo zichukuliwe kuwa hazijulikani maana yake, mpaka uwepo ushahidi mwingine. Mwaka uliofuata RFC 3339 ikahifadhi alama mahususi, -00:00, inayomaanisha kwamba wakati unajulikana kwa saa za dunia (UTC) lakini saa za eneo la mwandishi hazijulikani. Wakati huo programu zilikuwa zimepata namna ya kuandika neno gumu kuliko yote, yaani “sijui”.

Lakini pembeni mwa nyaraka hizo palikuwa na mkondo mwingine, mkarimu na wa kupendeza. Steven Bellovin, alipokuwa Chuo Kikuu cha North Carolina, aliandika programu ndogo ya kusoma tarehe kama watu wanavyozitamka, na Agosti 1990 Rich Salz na Jim Berets wakaifumua na kuiunda upya. Mjukuu wa programu hiyo bado anaishi ndani ya amri ya kuonesha tarehe kwenye mifumo ya kompyuta ya GNU. Ukiiandikia kwa Kiingereza “jana”, “siku mbili zilizopita” au “Alhamisi ijayo”, itakujibu. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo mwongozo wake wenyewe una tahadhari nyingi. Huwezi kuiambia “ya pili” kwa Kiingereza, kwa sababu neno hilo ndilo hilohilo la sekunde, na sekunde imeshachukua nafasi. Ukiwa tarehe 31 Julai ukaomba mwezi mmoja nyuma, itatafuta tarehe 31 Juni, isiikute, ikurudishie tarehe 1 Julai. Na mwongozo unakiri kwamba programu hiyo haiwezi kila mara kusoma tarehe iliyoiandika yenyewe, kwa sababu ya lugha, na kwa sababu vifupisho vya saa za maeneo havina maana moja: IST inaweza kuwa ya India, ya Israel au ya Ireland.

Ukarimu huo ulienea, na kila ulipofika ulizua kanuni yake ya siri. Katika lugha ya PHP, tarehe yenye mikwaju husomwa Kimarekani, mwezi kwanza, na yenye vistari husomwa Kiulaya, siku kwanza. Hivyo 03/04/2005 na 03-04-2005 zimepishana kwa karibu mwezi mzima, na kinachozitenganisha ni mlalo wa kijistari. Maktaba ya dateutil ya lugha ya Python huanza na mwezi, ila ikikuta namba inayozidi 12 hugeuza mpangilio bila kuaga. Kwa mpangilio wake wa kawaida, orodha iliyoandikwa Kenya au Tanzania itabadilika hivi: 12/04 inakuwa Desemba 4, mstari unaofuata wa 13/04 unabaki tarehe 13 Aprili. Sehemu ya orodha imeharibika, sehemu ni salama, na jicho likipita juu juu halioni kitu. Lugha ya JavaScript nayo ilibadili msimamo mara mbili kuhusu tarehe isiyotajwa saa za eneo. Kanuni za mwaka 2009 zilisema ni saa za dunia, za mwaka 2015 zikasema ni saa za hapo ulipo, na za mwaka 2016 zikagawa: tarehe peke yake ni saa za dunia, tarehe pamoja na saa ni za hapo ulipo. Mtu wa Dar es Salaam hawezi kuliona kosa hilo kirahisi, maana usiku wa manane wa saa za dunia kwake ni saa 9 usiku wa tarehe ileile. Wa New York hurudishwa siku moja nyuma.

Ushahidi unaojulikana zaidi ulitoka kwenye maabara za vinasaba. Kuna jeni zilizokuwa zikiitwa SEPT2 na MARCH1. Mtafiti akiziandika kwenye jedwali la Excel, programu iliona Septemba na Machi, ikazifanya tarehe bila kuulizwa. Onyo lilichapishwa mwaka 2004. Mwaka 2016 watafiti walipochunguza machapisho yaliyoambatanisha orodha za jeni katika Excel, walikuta takriban moja katika kila tano lina makosa ya namna hii. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilisalimu amri: SEPT2 ikawa SEPTIN2, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Microsoft, watengenezaji wa Excel, waliongeza njia ya kuzima ubadilishaji huo mwaka 2023, miaka 19 baada ya onyo la kwanza. Wanasayansi wa dunia nzima walibadilisha istilahi zao ili kuipisha programu iliyojifanya inajua. Ni kama mgeni aliyepewa kiti akahamisha fanicha, na wenye nyumba wakakubali kulala sebuleni.

Majuto ya namna hiyo yalipozidi, mlango ukaanza kufungwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kinachoandika mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kilikuwepo tangu 1988, ila kilichukua muda kuwa mazoea. Lugha ya Java inaonesha mageuzi hayo vizuri. Chombo chake cha zamani kikipewa tarehe 30 Februari, kwa kawaida yake kilihesabu mbele na kukupa siku ya mwanzoni mwa Machi. Vyombo vipya vilivyotoka na Java 8 mwaka 2014, kazi iliyoongozwa na Stephen Colebourne, vikipewa 2014-02-30 hukataa na kusema siku hiyo haipo. Temporal, mfumo uliobuniwa kurithi tarehe za zamani za JavaScript, unafuata njia hiyohiyo: muundo ni mmoja, na kisichoufuata hurudishwa na taarifa ya kosa. Kizazi cha waandishi wa programu kilichoanza kazi kikijivunia kusoma kila kitu sasa kinajivunia kukataa. Mimi naona huo ni ukomavu, kwa sababu anayekataliwa anajua amekataliwa, na anaweza kuandika upya.

Kuna watakaosema kwamba huko ni kuusahau wosia wa waanzilishi. Jon Postel, katika nyaraka zilizoweka misingi ya intaneti mwaka 1980, alishauri programu ziwe makini katika zinachotuma na ziwe na uvumilivu katika zinachopokea. Bila uvumilivu huo kompyuta za viwanda tofauti zisingeelewana, na hilo silipingi. Lakini uvumilivu una manufaa pale kosa linapojitokeza baadaye na kushikwa. Tarehe haina sifa hiyo. Neno likisomwa vibaya hutoa upuuzi unaoonekana, ilhali tarehe ikisomwa vibaya hutoa tarehe nyingine, safi, iliyomo kwenye kalenda. Ndiyo maana hata wahandisi wa intaneti wenyewe, katika RFC 9413 ya mwaka 2023, waliandika kwamba uvumilivu wa kupita kiasi huyaacha makosa yaote mizizi hadi yawe ndiyo kanuni.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili, na kwetu ndilo zito zaidi. Ikiwa ukali umeshinda, basi watu wote waandike kwa muundo wa kiwango, mazungumzo yaishe. Hapa ndipo naona funzo limesomwa upande mmoja. Muundo wa ISO ni lugha ya mashine kuzungumza na mashine, na hapo ustawi. Mtu ana lugha yake. Mswahili akisema saa 3 asubuhi, simu yake inaonesha 09:00, na akili yake inaruka saa sita bila kujikwaa, kwa sababu kwetu saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza na tangu linapotua. Gazeti likiandika “saa 3:00 asubuhi”, programu inayojua Kiingereza tu itaona 3:00, itaona asubuhi, na kuandika saa tisa za usiku. Mikutano ya namna hiyo haihudhuriwi na mtu. Juma letu nalo lina mantiki yake: Jumamosi ni ya kwanza, Jumatatu ni ya tatu, Jumatano ni ya tano, kisha inafuata Alhamisi, ambayo jina lake kwa Kiarabu nalo ni la tano. Kiwango cha ISO kinaihesabu Jumatatu kuwa siku ya 1. Na hakuna mtihani mkubwa kwa programu kuliko “usiku wa kuamkia Jumamosi”. Saa 4 usiku wa kuamkia Jumamosi bado ni Ijumaa kwenye kalenda, lakini saa 8 ya usiku huohuo imeshakuwa Jumamosi. Maneno ni yaleyale, tarehe mbili. Msikilizaji wetu haoni utata wowote, kwani kwake usiku ni kitu kizima kinacholala na kuamka, hakikatwi katikati na saa sita.

Je, haya ni mabaki ya zamani yanayopaswa kuachwa? Sioni sababu. Mfumo wa saa za Kiswahili hauna mkanganyiko ndani yake: saa ikitajwa pamoja na alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, jibu ni moja, na kanuni ya kuligeuza ni kujumlisha au kutoa sita. Ni nyepesi kuiandika kuliko kanuni za PHP za mikwaju na vistari. Kilichokosekana ni mtu wa kuiandika, wala si ugumu wake. Anayemlaumu mzungumzaji hapa anarudia yale yaliyozipata jeni, ya kumtaka mwenye jina alibadilishe ili programu isisumbuke.

Wapo pia wanaoamini kwamba programu za sasa, zinazojifunza kutokana na maandishi mengi, zitamaliza tatizo kwa kutazama muktadha. Zitasaidia, nakubali. Orodha nzima ikiwa na 13/04 na 27/04, ni busara kusoma 12/04 kwa mpangilio huohuo. Lakini kisio zuri bado ni kisio. Pale palipo na 03/04 peke yake, bila jirani wa kuitolea ushahidi, hakuna wingi wa maandishi unaoweza kufichua alichokusudia mwandishi, kwa kuwa habari hiyo haimo kwenye karatasi. Imo kichwani mwake. Na mashine inayokisia vizuri mara nyingi ni ya hatari kwa namna yake, maana siku inapokosea huwa tumeshaacha kuikagua.

Basi njia ni kumuuliza mwenyewe, na wahenga walishatuambia kuuliza si ujinga. Programu ipokee tarehe kwa lugha ya mtu, iihifadhi ndani kwa muundo wa kiwango, kisha kabla ya kuendelea imrudishie ilivyoelewa, kwa maneno kamili yasiyo na mlango wa pili. Wewe unayetengeneza fomu ya miadi ya hospitali, ya tiketi ya basi au ya kikao cha kijiji hapa Afrika Mashariki, ongeza mstari mmoja chini ya kisanduku: “Umechagua Ijumaa, tarehe 3 Aprili 2026, saa 3 asubuhi (09:00). Ni sawa?” Aliyekusudia Machi ataona mwezi, aliyekusudia usiku ataona asubuhi, na kosa litakamatwa na mtu pekee anayeweza kulijua.