Sikuchelewa Kulipa, Lakini Nilinyimwa Mkopo

Akina mama wenzangu, mimi ni muuguzi, na kanisani kwetu ndimi mtunza hazina wa kikundi cha akina mama. Mambo ya fedha nilidhani nayajua. Nawasimulieni yaliyonipata mwaka jana, ili aliye njiani kwenda benki aketi kwanza.

Nyumba yetu ipo nje kidogo ya mji wa Bukoba. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipasua ukuta wa chumba anacholala mama mkwe. Tuliuziba kwa saruji, tukasogeza kitanda, miaka ikapita. Mvua za mwaka jana ukuta ukaanza kuinama. Tukakubaliana na baba watoto niombe mkopo katika benki inakopita mishahara yangu.

Afisa mikopo, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, alisema kwa upole: "Mama, hujawahi kuchelewa kulipa. Ila ndani ya miezi mitatu umefungua mikopo minne."

Baba watoto alikuwa ameketi kando yangu. Yeye alijua mmoja tu.

Ilikuwa midogo midogo. Mmoja wa simu, kwa sare za shule. Wa pili wa simu pia, kwa laini nyingine, niulipe ule wa kwanza kabla ya siku yake. Wa tatu wa taasisi moja ya mjini, kwa msiba wa Muleba. Wa nne ni friji, na hilo friji sina la kujitetea.

Kijana alinieleza vizuri. Tangu kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012, benki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye hifadhi moja, na kampuni zenye leseni, kama Creditinfo, huzichakata na kutoa ripoti na alama. Mikopo ya simu inayotolewa na benki nayo imo. Kila unapoomba, ombi huacha alama ya nyayo. Kila mkopo mpya huongeza mzigo wa deni, na hufanya historia yako ionekane changa. Huko Marekani, katika alama za FICO zilizoanza mwaka 1989, mikopo mipya huchukua kama sehemu 10 kati ya 100, na ulipaji 35. Kwa hiyo mkopo mpya mmoja haukuangushi sana. Ni kufuatana kwake.

Hapo nikaelewa kiuuguzi. Mgonjwa akija na kadi inayoonyesha ametembelea zahanati nne kwa wiki moja, hata kama anacheka, mimi namwuliza: unaumwa nini ambacho hutaki kusema? Ndivyo benki ilivyonisoma. Na haikukosea.

Nikauliza kama nijaribu benki nyingine. Akatikisa kichwa: hilo lingekuwa ombi la tano. Akaniambia nilipe kwa wakati, nisifungue lolote jipya kwa miezi kadhaa, na niombe ripoti yangu niikague, kwani ikiwa na kosa nina haki ya kulalamika.

Pale nje mama mmoja alinionyesha programu ya simu isiyouliza historia ya mtu. Kausha damu zile! Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Nikamshukuru, nikapita.

Njiani baba watoto hakusema neno mpaka tulipofika migombani. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia?" Nilisema niliogopa angeniona mbadhirifu. Akasema ukuta ni wa mama yake, na angekubali kukosa friji.

Usiku ule tuliandika mikopo yote minne katika daftari. Mama mkwe tumemhamishia chumba cha wasichana. Mwezi huu tumemaliza wa tatu, na yeye baba watoto ndiye anayeweka tiki.