Dira ya Kasa

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mihogo, korosho na minazi. Lakini leo nataka kukueleza habari za kasa wa baharini. Kuna jambo nililifanya kwa nia njema, na mpaka leo linanisumbua.

Mwaka 2011 nilihamishiwa kijiji kimoja cha pwani. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupima shamba la mikorosho. Nilikuwa na dira, yenye ile sindano ya sumaku inayoelekea kaskazini. Niliiweka juu ya kisiki. Panga langu nikalilaza kando yake. Tulipigilia vigingi asubuhi nzima. Tulipofika mwisho, mstari wetu ulikuwa umeingia katika shamba la jirani! Watu walicheka sana.

Mzee mmoja aliyekuwa nahodha aliniita kando. Akasema, "Bwana shamba, ondoa panga lako. Chuma huvuta sindano. Mimi chomboni sikuruhusu hata kisu karibu na dira. Wewe ungekwenda Zanzibar, ungejikuta Komoro."

Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki.

Mwaka uliofuata kasa alipanda ufukweni usiku, chini ya nyumba ya nahodha. Alichimba shimo kwa miguu ya nyuma, akataga, akafukia, akarudi baharini. Kasa hutaga mayai mia moja na zaidi kwa mara moja. Baada ya hapo mama harudi kuwatazama watoto wake. Kiota cha kabla ya hicho kilikuwa kimefukuliwa na mbwa. Basi mimi, mtaalamu, nilichukua seng'enge iliyobaki katika kujenga banda la kuku. Nikatengeneza kizimba, nikakifunika kiota chote.

Baada ya miezi miwili hivi watoto walitoka mchangani usiku. Tuliinua kizimba, nao wakakimbilia majini. Tulipiga makofi. Wale watoto walikuwa wadogo mno, kila mmoja anaenea kiganjani, na mbele yao ilikuwa bahari yote ya Hindi.

Nilitaka kujua nani huwaonyesha njia. Nilianza kusoma.

Ndugu msomaji, dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Ndiyo maana sindano ya dira hugeuka. Tena sindano ikiachwa huru kabisa, huinama pia. Karibu na ncha za dunia huinama sana. Katikati ya dunia hulala. Nguvu ya sumaku nayo si sawa kila mahali. Kwa hiyo kila pwani ina alama yake, ingawa sisi hatuihisi. Kasa anaihisi.

Mwaka 2001 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Lohmann, na wenzake walieleza jaribio lao. Walichukua watoto wa kasa ambao hawajapata kuogelea baharini. Waliwatia katika birika la maji lililozungushiwa nyaya za umeme. Kwa nyaya hizo waliiga sumaku ya sehemu za mbali za bahari ya Atlantiki. Kila walipobadili sumaku, watoto walibadili njia. Waliogelea upande ambao ungewaweka ndani ya mkondo wa maji yanayowafaa. Hakuna aliyewafundisha.

Wataalamu hao wanaona kwamba kasa huishika alama ya pwani alikozaliwa. Akiwa mkubwa huifuata alama hiyo, hurudi kutaga pwani ile ile au jirani yake.

Kisha nilikuta habari nyingine. Mwaka 2004 wataalamu walipima vizimba vya waya wa chuma vinavyowekwa juu ya viota. Vizimba hivyo hupotosha sumaku pale pale mayai yalipo. Walitahadharisha kwamba huenda mtoto akashika alama isiyo ya kweli. Hawakusema kwamba kasa wamepotea. Hata hivyo nililala vibaya usiku ule.

Asubuhi nilikwenda kwa nahodha. Nilimwamkia, nikamsimulia yote. Alinyamaza, akatazama ufukwe.

"Kumbe tuliweka panga kando ya dira," akasema.

Nilimjibu kwamba bila kizimba mbwa wangewala wote. Ni kweli. Lakini fito zilikuwepo tele, nami nilichukua chuma kwa sababu kilikuwa karibu na mkono. Siku hizi tunazungushia fito, na vijana hulinda kwa zamu. Mayai hayachimbwi tena. Sheria inakataza, na watu wameelewa.

Nahodha aliniuliza wale watoto wa mwaka 2012 watarudi lini. Nilimwambia kasa hukua polepole, miaka 20 na zaidi, wengine hata 40. Labda wa kwanza wataonekana mwaka 2032, labda baadaye sana.

Alihesabu kwa vidole, akacheka. "Basi utawapokea wewe, mwanangu. Mimi uniletee habari kaburini."

Kila msimu wa kutaga mimi hupita pale alfajiri, kabla ya kwenda shambani, nikatazama alama za miguu mchangani.