Baridi ya Chini

Jumamosi, 5 Oktoba 2024, Scarborough, Toronto
Shemeji alifika asubuhi na pima maji, tuanze sakafu ya banda. Tumemwaga kokoto, tukapanga vitalu vya zege, tukalaza boriti za inchi mbili kwa nane zilizotiwa dawa. Msingi wa nyumba Toronto huchimbwa mita 1.2 kwenda chini, kwa kuwa maji ya ardhini yakiganda hutanuka na kuinua kilicho juu yake. Banda letu ni jepesi, litapanda na kushuka na udongo. Baridi ikiisha tutapima upya na kutia kabari palipolegea.

Jumapili, 6 Oktoba
Wavu wa waya umepigiliwa chini ya boriti kuzuia panya na rakuni. Juu yake bodi za polistairini, na kila mwanya umezibwa kwa povu la kopo. Shemeji aliona napoteza muda kwenye nyufa za upana wa kidole. Lakini hewa baridi inapita chini ya sakafu usiku kucha, na ufa huo ndio mlango wake. Nailoni tumeitandika juu ya bodi, upande wa joto, mvuke wa pumzi zetu usishuke ukageuka maji kwenye mbao. Chumba chenye kiyoyozi Mombasa kingetaka kinyume chake: kule unyevu unatoka nje.

Jumanne, 8 Oktoba
Sakafu yetu imenikumbusha Khaleel Seivwright, seremala wa jiji hili. Mwaka 2020 alianza kuwajengea wasio na makazi vibanda vya mbao vyenye sufi ya kioo sakafuni na ukutani, vya kupashwa na joto la mwili wa anayelala ndani. Februari 2021 manispaa ilimpeleka mahakamani, ikitaja hatari ya moto. Hofu ya moto naielewa. Lakini baridi nayo inaua, na alikuwa ameweka vitambua moshi.

Halafu Julai 2023, Mtaa wa Peter hapa jijini: wakimbizi, wengi kutoka Afrika, wakilala kwenye zege la kando ya barabara mpaka makanisa ya watu weusi yakawafungulia milango. Tuliwapelekea mablanketi ya kujifunika. Cha kutandika hakuna aliyekumbuka, na zege hunyonya joto la mwili hata kiangazi.

Mabaki ya polistairini ya banda yanatosha kutandikwa chini ya mahema mawili ya wasio na makazi bustanini. Kesho baada ya kazi nitapita huko kuwauliza wenyewe vipimo, kisha nimpigie shemeji aje na msumeno.