Simba wa Mlima Elgon

Wasee, nilimaliza A Grain of Wheat ya Ngũgĩ (1967) nikakaa tu. Kijiji kinamsifu Mugo kama shujaa, kumbe ndiye aliyemsaliti Kihika. Sisi watu wa Bungoma tuna vita vyetu: Mlima Elgon, 2006 hadi 2008, ugomvi wa mashamba ya Chebyuk. Kwa hadithi tunazoandika, kila mpiganaji wa SLDF ni simba anayetetea ardhi. Watu walidhulumiwa mashamba, hiyo sikatai. Lakini masikio ya majirani yalikatwa, na mjomba wangu wa Cheptais havui marvin hata akiwa kwa nyumba. Nilimsomea hadithi yangu, simba wote wamo. Akauliza, "Na mimi niko wapi hapo?" Nimeifuta. Naanza tena na hiyo kofia.