Kadi Inayokumbuka Ajali

Camry yangu niliinunua nikiwa kitandani, Houston, simu mkononi. Mnada wenyewe haukufika hata muda wa chai kuchemka. Bei ikapanda, sekunde zikahesabika, nikaambiwa gari ni langu. Sikuwa nimeligusa. Nilikuwa na picha kumi, maelezo kwamba limegongwa mbele, na alama ya kusema linawaka na kutembea.

Alama hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilidhani ni gari la kuwasha na kurudi nalo nyumbani. Kumbe maana yake ni kwamba siku lilipoingia yadi liliwashwa, likatiwa gia, likasogea. Basi. Lori la kulivuta lilipolishusha kwangu, rejeta ilikuwa imepasuka na eabegi za mbele zimefyatuka. Kosa ni langu: picha ya saba ilionyesha usukani uliofumuka, mimi nikawa nashangaa rangi.

Halafu ada. Bei ya mnada si bei ya gari. Kuna ada ya mnunuzi, ada ya kushindania mtandaoni, ada ya geti, na ya dalali, kwa sababu mengi ya magari haya huuzwa kwa wenye leseni tu. Ukichelewa kulitoa, yadi inakuhesabia siku.

Baba mdogo, anayekaa Tabata, Dar es Salaam, alicheka sana nilipomsimulia. Yeye amekuwa akinunua magari ya bima, yaani ya ajali yanayouzwa na kampuni za bima, kwa miaka mingi. Akiona tangazo la zabuni kwamba magari yanauzwa "kama yalivyo na mahali yalipo", huenda yadi na fundi wake. Fundi analala chini kutazama chesisi, anapitisha kidole kwenye maungio ya fenda, ananusa kapeti kama anayechagua samaki sokoni Feri. Maji ya mafuriko yana harufu isiyodanganya, na picha ya simu haina harufu. Wakati wa kimbunga Harvey, Agosti 2017, magari yaliyozama hapa Houston yalikuwa mengi mno hata uwanja wa mashindano ya magari kule Baytown ukageuzwa maegesho yake. Nikikumbuka hilo, namtamani yule fundi wa Tabata kuliko picha elfu.

Baada ya kukagua, baba mdogo huandika bei yake, hufunga bahasha, husubiri. Akishinda, safari ya kutafuta vipuri mtaa wa Gerezani inaanza: taa za mtumba, bampa, boneti. Fundi bodi ananyoosha, anapaka puti, anapiga rangi. Noah aliyoinunua mwaka juzi ilikuwa imekandamizwa na lori karibu na Chalinze. Miezi miwili baadaye iling'aa, na kwenye kadi yake hapakuwa na neno hata moja kuhusu Chalinze.

Hapo ndipo tunapoachana. Texas, gari likihesabiwa kwamba kulitengeneza ni ghali kuliko thamani yake, hati ya umiliki, ambayo sisi tungeiita kadi, hubadilishwa na kuandikwa kwamba gari ni la ajali. Majimbo mengine hayasubiri gharama ifike huko. Robo tatu ya thamani inatosha. Ukishalitengeneza, unajaza fomu ukieleza kilichofanyika na vipuri vilikotoka, ndipo unapewa hati ya kulirudisha barabarani. Lakini hata hiyo mpya inasema gari lilikufa likafufuliwa, na maneno hayo hayafutiki. Baadhi ya kampuni za bima hukataa kulikatia bima kubwa. Mimi nililalamika sana kuhusu karatasi hizo, sitaficha.

Mwezi uliopita niliiuza Camry. Mnunuzi aliisoma hati, akalizunguka gari mara moja, akakata dola 2,000 papo hapo. Sikuwa na la kubishana.

Usiku nikapiga simu Tabata.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Gari limetoka?"

Nikamsimulia. Akanyamaza kidogo.

"Sasa wewe ulimwonyesha ya nini?"

"Imeandikwa kwenye hati, baba."

"Ah. Imeandikwa."

Nikamuuliza kuhusu ile Noah. Akasema aliiuza zamani kwa mwalimu mmoja wa Morogoro, mwenye watoto wanne, akalipa taslimu.

"Ulimwambia habari za Chalinze?"

"Hakuuliza, mwanangu."