Papa, Toa Shati

Mimi ni mkulima wa mpunga na mihogo hapa Lubarika, na ushuhuda huu ninawatolea hasa wanaume wenzangu wa bonde la Ruzizi.

Binti yetu wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji kabla ya miezi kutimia, akiwa na gramu 1,600. Mama yake alibaki hoi, hawezi hata kujigeuza kitandani. Mashine ya kumpa mtoto joto haikuwepo. Muuguzi, mama mtu mzima, akanitazama akasema: “Papa, toa shati.”

Nilisimama tu. Sisi Bafuliiru, na majirani zetu pia, tumekua tukijua kwamba mtoto mchanga ni wa mama, wa shangazi, wa bibi. Baba humpokea akishakaza shingo. Muuguzi hakunibembeleza. Alinieleza kwamba mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, joto linamtoka upesi kuliko mwili wake unavyoweza kulirudisha, na akipoa sana hata kupumua kunamshinda. Kifua cha mtu mzima kina joto la kumtosha. Nikatoa shati.

Akamlaza wima kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande ili pua iwe wazi. Kofia kichwani, nepi, basi. Akatufunga kwa kitenge. Kisha akauliza kama tuna kitu chepesi cha kutufunika, kwa maana alfajiri upepo unashuka kutoka milimani, na blanketi zito lingemlemea.

Mama mkwe akatoa shali. Ilitoka Kamanyola, ambako shemeji yangu alikuwa akifua nguo kwenye kambi ya Wapakistani wa MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Kabla kambi ile haijakabidhiwa kwa polisi wa Kongo mwezi wa Februari 2024, askari mmoja alimwachia shali hiyo iwe kumbukumbu. Nyumbani ilikaa sandukuni bila kuvaliwa. Haina ua wala nakshi, haikutiwa rangi. Ni ya sufu ya mbuzi, na rangi yake ni ya mbuzi mwenyewe, na macho yetu yamezoea kitenge kinachowaka.

Mbuzi wa sufu hiyo ni wa nyanda za juu za Ladakh na Tibet, kule Asia, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Baridi ya huko humfanya mbuzi aote, chini ya manyoya yake marefu, sufu nyembamba kuliko unywele wa mtu mara nne au tano. Baridi ikipungua sufu hiyo huanza kuachia yenyewe, na wachungaji huichana kwa kitana, mbuzi hachinjwi. Mmoja hutoa gramu mia na kitu tu kwa mwaka. Wanawake huisokota kwa mkono, na mfumaji huifuma polepole, kwa sababu uzi huo hukatika kwa urahisi. Mbuzi wetu wa Lubarika, katika joto la bonde, hawana haja ya kuota sufu kama hiyo. Mimi niliyefuga mbuzi tangu utotoni sikujua kwamba mnyama huyu anaweza kumfunika mtoto kwa kitu kisicho na uzito.

Nililala na mtoto kifuani chini ya shali hiyo, nusu nimeketi, usiku na mchana, hadi mama yake alipopata nguvu tukaanza kupokezana. Mzee mmoja aliyekuja kutusalimia aliuliza kama nimegeuka mwanamke. Nilimwambia: “Mzee, huyu anaishi kwa joto langu.” Hakuuliza tena.

Muuguzi aliniambia kwamba njia hii, wanayoiita ya kangaruu, ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, hospitali ilipokuwa imejaa na mashine hazitoshi. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa jirani Tanzania: kuwafunga njiti kifuani mara tu wanapozaliwa, badala ya kungoja hali itulie, kulipunguza vifo kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hii ianze mara tu mtoto anapozaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Wakubwa wake nilianza kuwajua walipoweza kunifuata shambani. Huyu namjua kwa kwikwi zake, kwa namna anavyokunja vidole kabla ya kulia. Nimekuwa baba kwa namna ambayo sikuijua, na sasa namwogesha, namlisha uji mbele ya watu.

Shali haikurudi sandukuni. Nikisikia kwamba njiti amezaliwa, hapa au upande wa Luvungi, naifua kwa maji ya baridi, naikausha kivulini, naenda nayo kwa baba wa mtoto. Namwonyesha fundo la kitenge. Ninachoomba kwa wazazi wa kanisa na kwa wakuu wa vituo vya afya ni kwamba baba asiachwe nje, kwenye benchi la ua. Aitwe ndani, anawe, aambiwe atoe shati.