Jina Lilitangulia Mikono

Kiswahili kilifika angani kabla ya wenye Kiswahili. Septemba 1966, runinga za Marekani zilipoanza kuonyesha Star Trek, miongoni mwa mabaharia wa chombo kile cha kubuni alikuwamo afisa wa mawasiliano aitwaye Uhura, jina lililochongwa kutokana na neno letu uhuru. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark yenye neno hilo kwenye jalada. Katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa hewani, kiumbe mwenye kujigeuza sura anamwendea Uhura na kumsemesha Kiswahili. Miaka minne baadaye neno lile lilipaa kwelikweli. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya kujitawala, setilaiti ile ikapewa jina la Uhuru. Nayakumbusha haya kwa sababu yanaonyesha tulipoanzia: jina letu lilitangulia, mikono yetu ikabaki nyuma kwa karibu nusu karne. Na anayetaka kuona jinsi mikono ilivyoanza kulifuata jina, kwa maoni yangu, asitazame Malindi kwanza. Aanze huku bara, kwenye uwanda wa Ruiru, Juja na Thika.

Pale Malindi tulitoa mahali. Dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa kwenye ikweta, na roketi inayorushwa karibu na hapo kuelekea mashariki huondoka tayari imebebwa na mwendo huo, kwa hivyo huokoa fueli. Wataalamu wa Italia, wakiongozwa na Luigi Broglio, walilijua hilo vizuri, na kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka kwenye jukwaa lao. Uhuru peke yake ilizaa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei na ikawasaidia wanasayansi kukiona kile kinachoitwa Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Ni sayansi kubwa, na sioni sababu ya kuinunia. Lakini tukiuliza Kenya ilitia nini ndani ya setilaiti yenyewe, jibu la kweli ni fupi: neno moja.

Runinga nayo ilikuwa na namna yake ya kutupangia nafasi. Mwaka 1981 kampuni ya Uingereza ya Thames Television ilionyesha tamthilia ya The Flame Trees of Thika, iliyotokana na kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959. Mtazamaji wa London aliiona Thika kama pori la mwaka 1913, ambako familia ya walowezi inapanda kahawa huku wenyeji wakipita nyuma ya kamera. Sisemi tamthilia ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa kumbukumbu ya mtu, na kila mtu ana haki ya utoto wake. Ninachosema ni kwamba Thika ilipoingia kwenye runinga za dunia iliingia kama jambo lililopita, wakati Uhura, mwenye jina la Kiswahili, alikuwa amekwisha kuwekwa karne ya 23. Hakuna aliyedhani kwamba Thika na karne ya 23 vinaweza kukutana. Na mwaka huohuo wa 1981, mwezi Mei, kilomita chache tu kutoka mjini Thika, wanafunzi wa kwanza waliingia katika chuo kipya cha kilimo na teknolojia pale Juja, kilichojengwa kwa msaada wa Japani kwenye ekari ambazo Mzee Jomo Kenyatta alikuwa ametoa. Kamera hazikuja. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, mwaka 1994.

Hata hivyo, sayansi ya uwanda huu haikuanzia Juja. Ilikuwa Ruiru zamani, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, na naamini somo lenye thamani zaidi kwa mambo ya anga linapatikana pale. Mwaka 1968 chulebuni, ugonjwa unaoyageuza matunda ya kahawa kuwa meusi yangali mabichi mtini, uliangamiza karibu nusu ya mavuno ya Kenya. Watafiti wa Ruiru wakaanza kutafuta mbuni utakaostahimili chulebuni pamoja na kutu ya majani, na mwaka 1985 wakautoa: Ruiru 11. Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Mfanyakazi hushika ua la mbuni kabla halijachanua, akalifungua kwa vidole, akang'oa stameni zake ili lisijichavushe, akalifunika tawi kwa mfuko, kisha ua likiwa tayari akalipaka chavua ya mzazi mwingine kwa mkono. Ua kwa ua, tawi kwa tawi, msimu hadi msimu. Kila mbegu ya Ruiru 11 iliyotoka kwa njia hiyo imepitia kwenye vidole vya mtu. Mahali penye subira ya namna hiyo, na penye watu wanaojua kuandika daftari la kila tawi, pana msingi wa kuunda chombo chochote.

Sasa tazama kilichofuata. Shirika la Anga la Kenya liliundwa mwaka 2017. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ya 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, iliachiliwa angani kutoka kwenye chumba cha Kijapani cha Kituo cha Kimataifa cha Anga. Iliundwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, kilekile alikokuwa akifundisha Broglio wa San Marco. Mduara ulikuwa umezunguka, ila safari hii Mkenya alikuwa ndani ya maabara. Tarehe 15 Aprili 2023, baada ya kuahirishwa mara kadhaa kwa sababu ya hali ya hewa, Taifa-1 ilirushwa kwa roketi ya Falcon 9 kutoka California, ikiwa na kamera ya kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo, maji na mazingira. Na pale Juja, wanafunzi wa JKUAT wana mradi wa kuunda roketi ndogo: wanaunga bomba, wanaandika programu za kielektroniki na kushona miavuli ya kuishusha roketi salama, kisha wanaianika michoro yao hadharani ili mwingine yeyote aitumie. Mradi huo unaitwa Nakuja. Ni kitenzi, na mtendaji wake ni nafsi ya kwanza. Kati ya neno Uhuru lililobandikwa kwenye chombo cha wengine na neno Nakuja lililoandikwa na vijana kwenye chombo chao ndipo ulipo mgeuko wote ninaousimulia.

Najua pingamizi la kwanza, na halitoki kwa wajinga. Husemwa kwamba Taifa-1 iliundwa pamoja na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria, ikarushwa na Wamarekani, na kwa hivyo kuiita ya Kenya ni kujipa sifa za watu. Jibu langu liko shambani Ruiru. Ndani ya Ruiru 11 mna damu ya kahawa ya kisiwa cha Timor, mna ya uwanda wa Boma ambao leo uko Sudan Kusini, mna Catimor iliyotoka Colombia. Sijamsikia mkulima wa Githunguri akisema mbuni huo si wetu. Ulikuwa wetu tangu siku watu wa Ruiru walipoweza kuuzalisha tena msimu uliofuata bila kumwita mtu wa Colombia. Kipimo hicho ni kigumu, na sitaki kukilegeza kwa ajili ya setilaiti: wahandisi wetu wakiweza kuunda ya pili na ya tatu wao wenyewe, Taifa-1 itakuwa imestahili jina lake. Wakishindwa, wapinzani watakuwa wamesema kweli.

Pingamizi la pili huuma zaidi: nchi yenye njaa inatafuta nini mawinguni? Tuhesabu. Taifa-1 iligharimu takriban shilingi milioni 50. Barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012, yenye urefu wa karibu kilomita 50, iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 30. Kwa bei hiyo, fedha za setilaiti zisingetosha kujenga mita 100 za barabara. Siidharau barabara; bila hiyo, Ruiru na Juja zisingekuwa miji kama zilivyo leo. Lakini hakuna mtoto aliyekosa chakula kwa sababu ya mita 100 za lami. Tena njaa yenyewe huanza na mvua kukosekana, na athari zake mashambani huonekana kwa upana kutoka juu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, kwenye mto uleule wa Thika, bwawa lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70. Kina chake kikishuka, mgao huanza mitaani. Misitu inayolisha mito yake, na mashamba ya kahawa yanayong'olewa Ruiru ili kupisha nyumba, ni mambo yanayoonekana waziwazi kwenye picha za anga. Anayetaka kuyajua haya hana budi kutegemea picha za wengine au kupiga zake.

Wapo pia wanaosema kwamba hadithi za kisayansi za runinga ni mchezo wa kupotezea muda, na kwamba kuziweka kwenye mjadala mzito kama huu ni kukosa adabu ya hoja. Hapo siwezi kukubali hata nusu. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kufika angani, Septemba 1992, alieleza wazi kwamba Uhura alimwonyesha mapema kuwa mahali pale panaweza kuwa pake. NASA yenyewe ilimtumia Nichols, kuanzia 1977, kuwavuta wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Taasisi inayopima kila kitu kwa miligramu haikufanya hivyo kwa mzaha. Nasi tunaye Wanuri Kahiu, ambaye filamu yake fupi Pumzi, ya 2009, inaonyesha Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, watu wakiishi ndani ya jengo lililofungwa na kila tone la jasho likirudishwa kuwa maji ya kunywa. Hiyo ni hadithi ya kisayansi iliyozaliwa kwenye hofu yetu wenyewe. Anayenywa maji ya Ndakaini hahitaji kufafanuliwa hofu hiyo. Lalamiko langu kubwa kwa runinga zetu ni kwamba filamu za namna hiyo ni chache mno. Mtoto wa Ruiru bado huiona kesho yake kwa lafudhi ya wengine, na ndiyo sababu neno Nakuja, la vijana wa Juja, lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana.

Ninachoomba basi ni kidogo na kinaweza kufanywa. Serikali ya Kaunti ya Kiambu iwe na utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi wa sekondari Ruiru wakaone ua la mbuni likichavushwa, kisha Juja wakaone roketi ikiunganishwa, siku hiyohiyo, kwa sababu ni mwendo wa dakika chache. Vituo vya runinga viwape waandishi wa hadithi za kisayansi wa Kenya saa moja kwa wiki. Na wewe msomaji, kijana wa nyumbani kwako akisema anataka kuunda setilaiti, usimcheke, na usimharakishe. Kutoka janga la 1968 hadi mche wa Ruiru 11 wa 1985 ilipita miaka 17. Taifa-1 ilirushwa mwaka 2023. Wahandisi wetu wakipewa muda uleule waliopewa watu wa kahawa, hesabu inatufikisha mwaka 2040.